Ekari saba za shamba la zamani la mkonge, Muheza: mitiki itakubali?

Mama Jamila (mwanzisha mada)

Hamjambo wanajamvi, na shikamooni wakubwa.

Mimi ni muuguzi mstaafu, wodi ya wazazi, miaka 31. Kiinua mgongo kilipoingia mwaka jana sikutaka bajaji wala duka, maana nimeona yaliyowapata wenzangu. Nikanunua ekari saba Muheza, upande wa Ngomeni, kwenye ardhi iliyokuwa ya mkonge. Mkonge wenyewe uling'olewa zamani, ila masalia yapo: kisiki hapa, mche uliojiotea pale, na tuta refu lililonyooka ambalo wenyeji wanasema palipita reli ya troli za kupeleka majani korona, yaani kiwanda cha kutoa singa za mkonge.

Juu ni udongo mwekundu. Shamba linateremka polepole mpaka bondeni, ambako udongo ni mweusi na kuna kijito kinachopita masika kisha Januari kinakauka. Katikati kuna vichuguu viwili vikubwa kama vibanda vya mlinzi.

Mpango wangu: mitiki ekari tatu juu, machungwa ekari mbili katikati, ekari mbili za chini mahindi na mihogo. Hesabu ya mitiki kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu ni miche kama 1,350. Aliyetaka kuniuzia nilimkuta Nane Nane, akaniambia, "Mama, shamba la mitiki la Longuza si hapohapo Muheza? Kama ya serikali imestawi, yako itashindwaje?" Hakuniuliza udongo wangu ukoje. Alinipa miche sita ya zawadi, nikaondoka nayo.

Nikaanza kusita. Jirani yangu wa shamba anasema ardhi ya mkonge imekufa, nisipoteze nguvu. Mwanangu aliye Dodoma anasema nisihangaike, atanitolea picha ya setilaiti. Mimi kazini sikuwahi kutoa dawa kabla ya kipimo. Huku shambani nataka kupima lakini sijui kipimo ni kipi, wala nianzie wapi. Nisaidieni kabla hela haijaingia ardhini.

Kijana wa Kange

Mama panda mitiki tu. Wajukuu watakushukuru.

Mama Jamila

Mwanangu, wajukuu ninao tayari na wanakula leo.

Mzee wa Jembe

Marahaba, Mama Jamila, ingawa huenda tunalingana. Nimekuwa bwana shamba Muheza na Korogwe mpaka nilipostaafu, na kwenye mashamba ya mkonge nimetembea sana. Nianze na mitiki maana ndiyo itakayokula hela yako.

Longuza ipo Muheza, hilo kweli, na mitiki yake inapendeza. Lakini Longuza iko miguuni mwa milima ya Usambara Mashariki, na mvua ya chini ya milima ile si mvua ya Ngomeni. Halafu kuna jambo ambalo muuza miche hakukwambia. Mtiki ni mti unaopenda kalsiamu. Unataka udongo wa kina, usiotuamisha maji, na wenye kalsiamu ya kutosha. Sasa jiulize mkonge unakula nini. Mkonge nao ni mlaji mkubwa wa kalsiamu, na potasiamu juu yake. Jani linakatwa, linapanda troli mpaka korona, singa zinatoka, makapi yanamwagwa hukohuko, shambani hakirudi kitu. Rudia hivyo miaka hamsini. Kwa hiyo katika miti yote duniani umechagua yule anayetaka kilekile alichokimaliza aliyetangulia.

Hili silisemi kwa kubahatisha. Watafiti wa Mlingano, kituo cha utafiti wa kilimo kilicho hapohapo Muheza, walirudi kupima mashamba ya mkonge waliyokuwa wamekwisha kuyapima miongo ya nyuma, wakakuta uchachu umeongezeka na rutuba imeshuka. Hata mkonge wenyewe ulikuwa umeanza kulalamika.

(Niruhusuni nichepuke kidogo. Mkonge wa nchi hii ulianza na Mjerumani mmoja, Dk. Richard Hindorf, aliyeagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893. Iliyofika hai ilikuwa 62. Kila nikipita barabara ya Segera kwenda Tanga nikaona mistari ile isiyokwisha, nawakumbuka wale 62.)

Jirani yako naye amezidisha chumvi. Ardhi iliyochoka bado ni ardhi, ila haikubali kila mgeni. Kazi yako ni kujua imechoka wapi na imechoka nini.

Tembea kwanza. Nenda asubuhi na panga tu, pita shamba zima, uangalie magugu maana hayapandwi na mtu na hayadanganyi. Ukiona kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka, kimeshika mahindi ya jirani, ujue nitrojeni imekwisha. Motomoto ikitawala, hapo pamechomwa sana na pamechoka. Mchicha pori na mbwembwe nene, pana rutuba, na ujiulize imetoka wapi. Ndago na matete hata kiangazi, maji yako karibu. Chora kwenye daftari la mwanafunzi, usitegemee kichwa.

Kisha chimba. Mashimo matatu: juu, katikati, chini. Yaende mita moja, mtu aingie asimame. Najua vibarua watakucheka, waambie unatafuta hela ya Mjerumani. Ingia mwenyewe ndani. Chomeka ncha ya kisu kila sentimita kumi kutoka juu mpaka chini. Penye tabaka gumu kisu kitakuambia. Angalia mizizi imeishia wapi. Angalia rangi: nyekundu au kahawia mpaka chini maana yake hewa inapita, ukikuta kijivu chenye madoa ya kutu, maji hulala hapo kila masika hata kama leo ni pakavu kama jivu. Mchungwa ukiupanda hapo utakupa matumaini miaka mitatu, kisha shina litaanza kutoa utomvu na mizizi itaoza.

Halafu kipimo cha maji. Pembeni ya kila shimo kubwa chimba kidogo cha sentimita 30, ujaze maji, yanywewe yote, ujaze tena na sasa uangalie saa. Maji yakiwa bado yapo kesho yake, hapo si pa mti wa matunda.

Udongo mwekundu wa kwenu una ujanja wake. Ukiushika unasagika kama tifutifu, mtu anafurahi. Uloweshe, ukande kwa dakika kadhaa kama unga wa chapati, utaona unageuka tope la kunata. Ukisukuma utepe kati ya kidole gumba na shahada ukafika sentimita tano bila kukatika, ni mfinyanzi. Kwa hiyo usidhani unapitisha maji kama mchanga ndio ukasema hauna cha kushika, wala usidhani wingi wa mfinyanzi ndio wingi wa chakula. Ule ni mfinyanzi wa zamani, umeoshwa na mvua za maelfu ya miaka.

Mwisho sampuli, na hapa wewe unanizidi: sampuli chafu, jibu chafu. Gawa shamba vipande vitatu kama mashimo yako. Kila kipande tembea zigizaga, chota sehemu kama 15, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo ya plastiki na si ya bati, kwa sababu bati lina zinki. Chota nyingine za sentimita 20 mpaka 50 uziweke mbali, maana mti hauishi juu. Usichote kwenye kichuguu, palipochomwa mkaa wala palipolala ng'ombe. Anika kivulini, funga nusu kilo kila kipande, andika jina, peleka Mlingano. Omba uchachu, kaboni, nitrojeni, fosforasi, potasiamu, na usiache kalsiamu.

Mwanao hajakosea. Picha itaonyesha mteremko na wapi pana kijani kiangazi. Haioni tu kilichoko sentimita 50 chini.

Mshambaa wa Soni

Mzee amemaliza ya chini, mimi niongeze ya juu ya ardhi. Mama, umesema linateremka "polepole". Polepole ya macho huwa inadanganya, hasa ukitembea kwa miguu iliyozoea lami.

Huku Lushoto tulifundishwa fremu A na mradi wa kuhifadhi udongo wa SECAP, ulioanza 1981, na mpaka leo natumia ileile. Fito mbili ndefu, umezifunga juu, fito ya tatu inakatiza katikati, uzi wenye jiwe unaning'inia kutoka juu. Isimamishe, weka alama uzi unapogusa fito ya katikati. Igeuze, mguu wa kulia ukae ulipokuwa wa kushoto, weka alama ya pili. Katikati ya alama mbili ndipo usawa. Baada ya hapo unaitembeza shambani kama mtoto anayejifunza hatua, kila mguu unachomeka kijiti. Mstari wa vijiti ndio kontua yako. Kwenye mstari huo ndipo unapopanda matete, au gilirisidia (mti wa jamii ya mikunde), au chochote cha kushika udongo. Miti yako ya faida ifuate mstari huo, isifuate mpaka wa jirani.

Na tafadhali usibebe miti ya huku kwetu kwa sababu uliiona imependeza njiani. Mgrivea kwenye kahawa ya Soni uko nyumbani kwake kwa baridi ile. Bondeni kwenu ni joto lingine.

Jambo moja juu ya mitiki ambalo halisemwi. Jani lake ni pana, matone ya mvua yanakusanyika juu yake na kuanguka mazito, na chini ya kivuli chake hakuoti majani. Penye mteremko, shamba la mitiki lisilo na kitu chini linaweza kumomonyoka kuliko shamba la mahindi. Nimeliona kwa macho.

Mtu wa Hati

Nitakuwa mfupi. Miti ni ya miaka mingi, kwa hiyo karatasi ziwe za miaka mingi. Mashamba ya mkonge mengi yalikuwa na hati za serikali. Nenda ofisi ya ardhi ya wilaya uhakikishe ardhi yako imekwisha kurudishwa kijijini. Kama ndivyo, taratibu zako ziko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na unaomba hati ya hakimiliki ya kimila kupitia halmashauri ya kijiji. Kama haijarudishwa, aliyekuuzia hakuwa na cha kuuza.

Pili, kijito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Uliza wilayani kijito chako cha msimu kinahesabiwaje kabla hujaweka mpango wa ekari mbili za chini.

Mama Jamila

Nimerudi. Karatasi ziko sawa, nilianza na hilo nikapumua. Mengine yamenichukua wiki saba.

Vibarua walicheka kweli. Wa tatu akaniuliza kama nazika mtu.

Shimo la juu: jekundu mwanzo mpaka mwisho, kisu kinaingia bila shida, maji ya jaribio yaliisha kabla sijamaliza chai. Nikafurahi. Shimo la chini: sentimita 40 za mwanzo nyeusi nzuri, kisha kijivu chenye madoa ya kutu vilevile alivyosema Mzee. Asubuhi yake shimo lilikuwa na maji na chura mmoja ambaye sikumwalika.

Utepe wa udongo mwekundu nimeukanda mpaka kidole kikauma. Ulifika sentimita sita. Nilidhani ninaukosea, nikarudia mara tatu.

Majibu ya Mlingano: juu uchachu ni pH 5.1 (namba ikishuka ndivyo uchachu unavyozidi), kalsiamu ndogo, potasiamu ndogo sana. Katikati 5.4, kidogo afadhali. Chini 6.0. Kwa hiyo pale nilipotaka kuweka mitiki ndipo penye kalsiamu kidogo kuliko pote, na pale udongo ulipo mzuri ndipo maji yanapolala. Nilikaa na karatasi ile mezani kama niliyepewa picha ya mbavu isiyo yangu.

Ila kuna kitu. Kando ya tuta la troli kuna sehemu, robo ekari hivi, mchicha pori umenifika kiunoni. Nikauliza. Kuna mzee hapo kijijini ambaye baba yake alitoka Kigoma akaja kuwa manamba, kibarua wa mkonge. Akaniambia troli moja ilikuwa ikiharibika hapo mara kwa mara, na kuna miaka makapi kutoka korona yalikuwa yakiletwa kumwagwa pale kwa sababu shimo la korona lilijaa. Yaani chakula cha shamba zima kilikusanywa kikalundikwa kwenye robo ekari yangu bila mtu kukusudia.

Sasa nifanye nini na hizi ekari tatu za juu? Na mihogo niipeleke wapi?

Mzee wa Jembe

Mama, umefanya kazi ambayo wengi hawafanyi hata wakiwa na ekari mia. Huyo mzee wa manamba mpelekee sukari.

Mihogo kwanza, maana ni mtego wa pili. Mihogo inakubali udongo uliochoka, ndiyo maana watu huikimbilia, lakini inabeba potasiamu nyingi kwenye mizizi na mizizi yote inatoka shambani. Ukiipanda juu, palipo na potasiamu "ndogo sana", utakuwa unakamua ng'ombe aliyekwisha kukamuliwa. Ipande kidogo, ya kula nyumbani, na majani na miti yake ibaki shambani.

Juu ningeweka mikorosho. Inavumilia uchachu na udongo maskini, inachokataa ni maji kutuama, na shimo lako limeonyesha hayatuami. Mita 12 kwa 12, ni kama miche 28 kwa ekari, yaani 84 kwa zote tatu, kwa hiyo hata bei yake haitakushtua ukilinganisha na ile 1,350. Miaka ya mwanzo katikati ya mistari kuna nafasi kubwa: kunde, njugu mawe, mbaazi. Kwenye kontua za Mshambaa chomeka vijiti vya gilirisidia masika yakianza, majani yake ukate utandaze chini ya mikorosho. Lusina, mti mwingine wa jamii hiyo, wengi watakushauri, usiikubali kwa 5.1, haipendi uchachu huo. Gilirisidia inavumilia zaidi.

Gilirisidia italeta nitrojeni, lakini kalsiamu haiwezi kuitunga kutoka hewani. Ikiwa haipo haipo. Kwa hiyo uliza Mlingano wakupe kiasi cha chokaa ya kilimo kulingana na majibu yako, usipime kwa jicho, na anza na katikati unapotaka machungwa. Hapo 5.4 si mbali.

Chini usihangaike na miti ya matunda. Ukiondoa eneo la kijito, panafaa magimbi, matete ya mbuzi, migomba kwenye ukingo wa juu palipo pakavu kidogo. Mbuzi ndio watakaopandisha rutuba ya bondeni mpaka juu, kwa njia ya samadi. Troli ilikuwa inateremsha, wewe pandisha.

Robo ekari ya mchicha ni kitalu chako na bustani yako. Usiipe mti mkubwa.

Mshambaa wa Soni

Na usimalize yote msimu mmoja. Mwaka wa kwanza weka kontua na gilirisidia, pamoja na mikorosho ekari moja tu. Uone inavyopokea.

Kijana wa Kange

Mimi nilisema mitiki, naona nimekimbiwa na mada. Hiyo miche sita ya Nane Nane imeishia wapi?

Mama Jamila

Ipo, mwanangu. Sikuwa na moyo wa kuitupa. Nilikumbuka Mzee alivyosema udongo wa kichuguu usichanganywe kwenye sampuli, nikajiuliza una nini hata ukatengwa. Nikachota kidogo, nikapeleka peke yake. pH 6.8, na kalsiamu iliyonishinda kuamini. Mitiki yote sita nimeizungushia kichuguu kikubwa.

Mzee wa Jembe

Mchwa wamekuwa wakipandisha udongo wa chini miaka yote mkonge ulipokuwa unakula wa juu. Hapo itakubali. Tuma picha masika yakiisha, na uangalie isije ikaliwa na mchwa haohao.